Bastola ya mmoja, nyumba ya watatu

Watu wakipanga nyumba pamoja huulizana mengi: nani atanunua yaka umeme ukiisha, nani ataosha bafu, mgeni anaruhusiwa kulala siku ngapi. Sisi tulipohamia Bweyogerere, pembeni mwa Kampala, tuliyamaliza hayo yote kabla hata ya kushusha magodoro. Silaha haikumjia yeyote akilini. Kampala bunduki unaiona kila siku mlangoni mwa benki, kwenye supamaketi, kwenye kituo cha mafuta, begani mwa askari wa kampuni aliyekesha. Lakini hiyo ni bunduki ya nje. Jioni unaiacha hukohuko, unaenda kwako.

Tulikuwa watatu. Haji ni mtu wa Arua, mfanyabiashara wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, anayepeleka sabuni, sukari na mafuta ya kupikia mpaka West Nile. Mwalimu ni wa Moroto, anafundisha hesabu katika sekondari moja upande wa Mukono. Mimi ni wa Busia, nauza spea na kutengeneza magari Kisekka, kwa hiyo wao waliniita Fundi. Kiluganda cha Mwalimu kilikuwa cha kuombea chumvi dukani, Haji alikichanganya na Kinubi, na changu ni cha sokoni, basi nyumbani kwetu ikawa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Kampala wengi bado wanakisikia Kiswahili kama lugha ya jeshi, na majirani walituangalia kwa tahadhari mpaka walipotuzoea.

Kabla sijafika kwenye bastola lazima niseme kilichomfanya Haji aitafute, maana kwenye habari za namna hii mwenye bunduki huchorwa kama mpenda vita, na huyu hakuwa hivyo. Usiku mmoja alikuwa anarudi na mauzo ya siku. Hatua chache kabla ya geti letu wakatokea vijana wawili wenye panga. Mfuko waliuchukua. Alipoinua mkono wa kushoto kukinga uso, panga likaushukia. Mimi na Mwalimu ndio tuliomfunga kwa shuka na kumpakia kwenye boda, mimi nikiwa nyuma yake nimemshikilia asianguke. Mpaka leo vidole viwili vya mkono ule havikunji sawasawa. Akihesabu noti utaona anavyovisaidia kwa mkono wa kulia. Baada ya usiku ule alianza kurudi akiwa ameloa jasho hata siku za mvua. Mtu wa namna hiyo akitaka kitu cha kujilinda, humcheki.

Akaomba kibali. Kwetu silaha za raia zinasimamiwa na Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na bastola hainunuliwi kama simu. Kibali hutoka polisi, na kabla hakijatoka kuna barua za kupeleka na kurudisha, kuanzia chini kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ambaye anatakiwa aseme kama anakufahamu na kama wewe ni mtu wa amani. Kwa njia hiyo ndiyo mimi na Mwalimu tulipata habari. Mwenyekiti alikuja Jumapili asubuhi, akaketi, akakubali chai, akatuuliza: Haji hulewa? Ana ugomvi na mtu? Anadaiwa? Tukamjibu ukweli. Halewi, hana ugomvi na mtu, hakosi swala, kodi yake hulipa kabla yetu. Mwenyekiti akashukuru, akaenda kugonga muhuri.

Hakutuuliza kama sisi wawili tuko tayari kulala chini ya paa moja na hiyo bastola. Simlaumu, hakuna aliyemtuma aulize hilo. Karatasi nzima inamhusu mwombaji: tabia yake, sababu zake, rekodi yake. Anayelala ng'ambo ya ukuta hana mstari wa kuandika jina. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, na bado naona hapo ndipo penye pengo. Kibali anapewa mtu mmoja, lakini kitu chenyewe kinakaa na kila mwenye ufunguo wa mlango wa mbele, na mtoto wa dada anayekuja likizo, na rafiki anayelala kwenye kochi kwa sababu mvua imemzuia.

Jioni ile tulizungumza mpaka usiku wa manane. Mwalimu alikataa katakata, na aliongea kama mtu aliyekuwa ameyabeba maneno hayo kwa miaka. Alizaliwa Moroto baada ya 1979. Mwaka ule serikali ya Idi Amin ilipoanguka, wanajeshi walikimbia kambi ya Moroto wakaacha ghala la silaha, na Wamatheniko, watu wake, wakazibeba. Wizi wa ng'ombe ulikuwepo tangu zamani, wa mikuki kwa sehemu kubwa, ukiwa na wazee wa kuuzuia na njia za kupatanisha. Bunduki ziliwaondolea wazee sauti.

"Haji," alimwambia, "kila aliyenunua kwetu alisema ni ya kulinda ng'ombe wake. Wa kwanza alisema kweli. Jirani yake akaogopa, akanunua naye, akasema vilevile, na yeye akasema kweli. Kijiji kizima kilisema kweli, na kila wiki tulikuwa tunazika."

Haji hakuwa mtu wa kunyamazishwa kwa historia. Alimkumbusha kwamba serikali ilianza kukusanya bunduki Karamoja, eneo lenye Moroto, mwishoni mwa 2001, na waliosalimisha mapema ndio waliofuatwa na majirani ambao hawakusalimisha, wakaporwa ng'ombe mchana kweupe. Hilo ni kweli, na Mwalimu hakulikana. Jeshi lilirudi kwa nguvu 2006, na Julai 2021 likaanza tena kwa operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. "Miaka ishirini mnanyang'anywa," Haji alisema, "na bado zipo. Mimi yangu itaandikwa, itakuwa na namba, polisi watajua iko wapi. Hiyo na za porini si kitu kimoja."

Wakahamia kwa watu tunaowajua. Afande Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua, mtu ambaye Haji alikuwa akimsalimia kwa mkono, aliuawa Juni 2018 karibu na nyumbani kwake Wakiso, pamoja na ndugu yake aliyekuwa mlinzi wake. Kuwa na mlinzi hakukumsaidia. Ni baada ya kifo hicho Rais Museveni alipoagiza bunduki zote nchini zichukuliwe alama za kuzitambulisha. Haji akasema ndiyo, lakini hao walikuwa wauaji waliojipanga. Wezi wa panga wakiona bastola hukimbia. Mwalimu akamuuliza swali ambalo mimi naliona lilikuwa zito kuliko yote ya usiku ule: "Mkono uliokinga uso ungeitoa saa ngapi? Wangeondoka na mfuko na bastola." Oktoba 2022 watu walivamia kituo cha polisi cha Busiika, Luweero, wakaua polisi na kuondoka na bunduki. Kama polisi hufuatwa kituoni kwao kwa ajili ya silaha, muuza sabuni anayetembea peke yake gizani atapona kwa lipi?

Hatukufika popote. Nilikuwa katikati, na nilikaa katikati kwa sababu wote wawili walikuwa na haki. Kwenye mabishano ya bunduki kila mmoja huja na maiti wake, na ukiyafuatilia utakuta pande zote wanazika watu halisi. Ndiyo maana ubishi wa sebuleni haumalizi jambo.

Kibali kilitoka. Bastola ikaja.

Haji alijitahidi kwa kila njia, na hilo nalisema kwa heshima yake. Alikwenda Katwe akachomelewa sanduku la chuma kizito, nami nikamfungia ukutani chumbani kwake kwa boliti nne. Risasi zilikaa kwenye droo nyingine yenye ufunguo wake. Tuliandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari: asiwaambie wageni, asiitoe nje ya chumba chake ikiwa hatoki nayo, asiisafishe mbele ya watu. Hilo la mwisho liliongezwa baada ya jioni moja ambayo sitaisahau. Alikuwa ametandika gazeti la jana mezani, akatoa magazini, akavuta chuma cha juu nyuma, akachungulia kama kuna risasi iliyobaki ndani, akachungulia tena, akaanza kupaka mafuta kwa kitambaa. Kazi safi, ya mtu makini. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa meza na sahani ya posho na maharage. Hakuitazama bastola hata mara moja. Alitazama vidole vya Haji, vile viwili visivyokunja, jinsi vilivyokuwa vikiteleza kwenye mafuta. Kisha akainuka, akaenda kulala. Posho likaganda.

Nilidhani sanduku limetosha. Sheria ilitimizwa, kufuli zipo, mwenyewe ni mtu mwaminifu. Ila nyumba ilibadilika. Mtoto wa dada yangu, yuko Senior Two, alikuja likizo kama kawaida yake. Hakuna aliyemwambia lolote. Siku ya pili akaniuliza, "Mjomba, ni kweli Haji ana bastola?" Alikuwa ameona sanduku lenye kufuli, limekazwa ukutani, chumbani mwa mtu asiyeuza dhahabu, akafikiri, akapata jibu. Macho yalikuwa yanamng'aa. Watoto hawahitaji kuambiwa, na mvulana wa umri ule akishajua kitu kipo, nusu ya akili yake inabaki nacho. Kesho yake nikampeleka kwa shangazi yake Jinja. Kumbe silaha ya Haji ilikuwa imeanza kuamua nani wa ukoo wangu anaweza kulala kwangu.

Lililonigeuza kabisa lakini lilikuwa jingine, na naliandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Siku moja ya kazi, mchana, Mwalimu alitokea Kisekka. Hajawahi kuja pale siku ya shule. Akakaa juu ya gia boksi kuukuu, kelele za nyundo pande zote, na pengine kelele hizo ndizo zilizomwezesha kusema. Alikuwa amemzika mkewe mwaka uliotangulia kuhamia kwetu, hilo tulilijua. Tusichokijua ni usiku wake.

"Fundi, mimi simwogopi Haji," alisema. "Wezi pia siwaogopi. Ninayemwogopa ni mimi."

Yale yote ya Moroto aliyoyasema yalikuwa kweli, na aliyaamini. Lakini hayakuwa ndiyo sababu. Sababu ilikuwa kwamba baadhi ya usiku alilala akijua kwamba jirani na kichwa chake, ng'ambo ya ukuta, kuna kitu kinachoweza kumaliza maumivu kwa sekunde moja. Na asingeweza kusema hivyo sebuleni. Kwetu mtu akisema hivyo huambiwa apelekwe Butabika, kwa wagonjwa wa akili, na watu hutamka jina la hospitali ile kama tusi. Sheria yetu nayo kwa muda mrefu imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mwanamume wa Karamoja, mwalimu, aliyelea wadogo zake, angeanzia wapi? Akaanzia 1979, kwa sababu huko kunasemeka.

Tangu siku ile simdai mtu sababu anapokataa bunduki mahali anapolala. Anayeitaka ajieleze, kwa sababu yeye ndiye anayeingiza kitu kipya. Anayeikataa akisema hapana, hapana yake inatosha, hata kama hoja zake zinaonekana dhaifu. Huenda hoja unayoisikia ni ile tu anayoweza kuisema mbele ya watu.

Na jambo hili si la kubuni. Saa mbaya huja na hupita. Mtu akiikuta hana kitu cha hatari karibu, mara nyingi asubuhi humkuta hai, na wengi waliovuka saa hiyo huishi miaka mingi baadaye. Anayejaribu kujidhuru kwa bunduki ni nadra kupata hiyo asubuhi. Tena hatari haimwelekei mwenyewe peke yake. Mei 2023 nchi nzima ilitikisika: wiki moja waziri mdogo Charles Engola aliuawa nyumbani kwake Kyanja na mwanajeshi aliyepewa kumlinda, siku chache baadaye konstebo wa polisi alimuua mkopeshaji ofisini kwake katikati ya Kampala. Konstebo huyo alikuwa amezuiwa kushika silaha kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Habari zilizotoka zilisema bunduki aliyotumia ilikuwa ya polisi mwenzake aliyekuwa akiishi naye. Sheria ilikuwa imemtambua mgonjwa na kumwondolea silaha. Bunduki ilimfikia kupitia nyumba.

Nilimwomba Mwalimu aniruhusu nimweleze Haji. Akakataa. Akasema atamweleza mwenyewe akiweza, na bado hawezi. Basi nilimwendea Haji nikiwa mikono mitupu. Nikamwambia: mimi, Fundi, sitaki tena ile kitu ikae hapa. Nimekufungia sanduku mwenyewe, najua lilivyo imara, na bado sitaki. Sababu ninayo lakini si yangu kuitoa.

Alikasirika, na alikuwa na haki. "Sababu isiyosemwa ni sababu gani? Nilipokatwa mkono nilikuwa na sababu mliyoiona wote." Siku kadhaa alinijibu salamu tu. Alikula dukani, akarudi, akafunga mlango wake. Mwalimu alinitazama kila jioni kana kwamba atasema, halafu hakusema.

Kisha jioni moja Haji alinigongea akiwa na spana yangu mkononi. Akasema njoo ufungue boliti zako. Tulipokuwa tunafungua hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba watu waliomfunga shuka usiku ule hawawezi kumtakia mabaya, na kama wanakataa kitu kwa pamoja lazima kuna jambo. Asubuhi akaipeleka kituo cha polisi pamoja na hati zake, ikapokelewa kwa maandishi ikakae kwenye ghala lao.

Hofu yake haikwenda na bastola, na hapo palikuwa na kazi yetu. Ukimwambia mtu aondoe kinachompa usingizi, umejitwika usingizi wake. Tulichanga tukaweka taa ya sola juu ya geti, ile inayowaka mtu akipita. Haji akaanza kuweka mauzo kwa wakala saa kumi na moja jioni badala ya kutembea nayo. Ada iliyokatwa ilimuuma, lakini alikubali. Na kila alipochelewa, mmoja wetu alikwenda kumpokea stendi ya boda. Mwalimu ndiye aliyekwenda mara nyingi zaidi. Nadhani mazungumzo yao yalianzia njiani, gizani, wakitembea bega kwa bega bila kutazamana usoni.

Siku ya Idd, baada ya pilau, Mwalimu alimwambia Haji yote. Sikuwepo chumbani. Ninajua tu kwamba Haji alitoka akiwa na macho mekundu, akanawa, akarudi ndani kukaa naye. Wiki iliyofuata walikwenda Butabika pamoja, Haji akimwendesha kwa gari la mizigo la dukani, na kwa miezi mingi hakumwacha aende kliniki peke yake. Siku hizi Mwalimu hulala usiku mzima. Amenunua hata redio.

Haji baadaye alimleta mkewe kutoka Arua, akapanga nyumba yake mwenyewe upande wa Kireka. Bastola aliichukua polisi, nami nikaenda kumfungia sanduku kwa mara ya pili. Safari hii mkewe alisimama mlangoni akauliza maswali yote: ufunguo unakaa wapi, na ukipotea, na mtoto akija? Haji akajibu moja baada ya jingine, bila kuharakisha. Mimi na Mwalimu hula kwao Ijumaa, na hatuna neno na bastola iliyoko pale. Waliokubaliana nayo ndio wanaolala nayo.

Chumba chake kilipobaki wazi, alikuja kijana wa Soroti anayefanya kazi kampuni ya ulinzi. Nikamuuliza kuhusu kodi na yaka, kisha nikamuuliza kama hurudi nyumbani na bunduki. Akasema hapana, hubaki ofisini, huichukua akiingia zamu na kuirudisha akitoka. Mwalimu akamuuliza, "Na ofisi ikiwa imefungwa?" Kijana akafikiri, akasema kwa kweli hajui, atamuuliza msimamizi wake. Alhamisi akarudi na jibu: hatoki kwenye lindo mpaka gari la kampuni lipite kuichukua, hata likichelewa mpaka usiku. Mwalimu akamsogezea kiti, na tukaanza kuzungumza habari za kuosha bafu.